Mbiu Tupu: Kingavirusi, Waifai na Lugha ya Yakini

Wahenga walituachia methali kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hiyo ilitungwa na watu waliomjua mpiga mbiu. Walijua jina lake, nyumba yake na lugha yake. Akipuliza pembe pasi na sababu, walijua pa kumfuata wamuulize. Leo mbiu zinalia ndani ya kompyuta zetu mpakato. Mpiga mbiu yuko Marekani au Ulaya, lugha yake si yetu, na mara nyingine jambo lenyewe halipo. Ninaandika kuishtaki mbiu hiyo. Siishtaki kwa kuwa imekosea, maana hakuna mlinzi asiyekosea. Ninaishtaki kwa kuwa inatamka kwa yakini jambo ililolikisia tu, tena kwa lugha ambayo mwenye mali hawezi kuihoji.

Najua wapo malenga watakaouliza: haya yanatuhusu nini sisi wa vina na mizani? Waachiwe mafundi. Nami nasema kinyume chake. Fundi hushughulika na faili lililofutwa. Sentensi iliyotangulia kufutwa kwake, iliyotokea kwenye kioo na kumtisha mwenye kompyuta hadi akabonyeza asichokielewa, hiyo ni mali yetu sisi wa lugha, na tumeitelekeza.

Kwanza tuuelewe mtambo wenyewe. Kingavirusi hufanya kazi kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kulinganisha: programu ina orodha ndefu ya alama za virusi vilivyokwisha kujulikana, na kila faili linalopita hupimwa kwa alama hizo. Ya pili ni kukisia kwa tabia: faili linalojiwasha lenyewe, linalochungulia mtandao, linalogusa viungo vya ndani vya mfumo, hutiliwa shaka hata kama alama yake haimo orodhani. Sasa itazame programu inayoendesha waifai ya kompyuta. Inajiwasha mara kompyuta inapoamka. Inasikiliza mawimbi saa zote. Inaingia hadi kwenye mifupa ya mfumo, kwa sababu pasipo kufika huko haiwezi kukiamuru kifaa cha mtandao pasiwaya. Kwa tabia zake, mtumishi huyu mwaminifu anafanana mno na jasusi. Mlinzi mwenye pupa akimwona, humkamata.

Wapenzi wa sarufi hawatashangazwa na kosa la namna hiyo, kwa sababu lugha yetu nayo hukisia kwa sura. Neno virusi lilipotufikia, sikio la Mswahili lilisikia vi- ya ngeli ya KI-VI, likahukumu kwamba huo ni wingi, likauzaa umoja: kirusi. Neno kitabu tulilipokea kutoka Kiarabu, na ki- yake ni sehemu ya mzizi. Sisi tuliiona ki- tukaivua, tukaivika vi-, tukapata vitabu. Hata kiplefti cha barabarani, kilichotokana na amri ya Kiingereza ya kukaa kushoto, leo kina viplefti vyake. Zote hizo ni kamsa za uongo za sarufi: umbo limefanana, hukumu imepita. Tofauti ni kwamba kamsa za sarufi zilituzalia maneno na hazikumnyang'anya mtu chochote. Kamsa ya kingavirusi humwacha mtu gizani.

Na giza hilo lina ukatili wake wa pekee. Faili la picha likifutwa kwa makosa, umepoteza picha. Faili la waifai likifutwa, umepoteza njia ya kuitafuta dawa. Kampuni iliyokosea hutoa masahihisho siku hiyohiyo au kesho yake, lakini masahihisho hayo husafiri kwa mtandao ule ule uliokatwa. Ni sawa na tabibu anayekupofusha kwa bahati mbaya, kisha akakuandikia barua ya kukueleza namna ya kupona.

Naandika haya nikiwa Tunduma. Mji huu, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umekaa juu ya mpaka. Ukivuka hatua chache uko Nakonde, Zambia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, na tangu mwaka 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha ambapo nchi mbili hukagua mizigo chini ya paa moja. Lori linalokwenda Lusaka au Lubumbashi halivuki kwa nguvu ya injini peke yake. Linavuka kwa nyaraka, na nyaraka siku hizi hupita mtandaoni. Kwa hiyo katika vibanda vya mawakala wa forodha, maduka ya vifaa vya ofisi na meza za wabadili fedha, laptopu ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe kule Mbozi kwenye kahawa. Waifai ikitoweka, karani hakosi burudani, anakosa mkate.

Nyumbani watu wa hapa huzungumza Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kimalila. Ng'ambo ya pili kuna Kibemba. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni, msikitini, kanisani, shuleni na kwenye foleni ya malori. Kiingereza kwetu ni lugha ya fomu na vioo vya kompyuta. Tunakijua kiasi cha kukitii, si kiasi cha kubishana nacho. Hilo ndilo jeraha ninalotaka kuligusa, kwa sababu tahadhari inayotiiwa bila kueleweka imekwisha kuacha kuwa tahadhari, imekuwa amri.

Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, kwa muda mrefu alikuwa akikusanya methali na nyimbo za kazi za Kinyiha, akiziandika pamoja na tafsiri zake za Kiswahili. Siku moja kingavirusi ya laptopu yake ilimwonyesha kijisanduku chekundu chenye maneno ya Kiingereza na kitufe kimoja kilichokolezwa rangi. Alibonyeza kitufe, kama ambavyo yeyote kati yetu angebonyeza. Kompyuta ilipowashwa tena, alama ya waifai haikuwapo. Aliipeleka kwa fundi. Fundi naye aliusoma ujumbe kwa Kiingereza chake cha mjini, akatangaza kwamba mashine imeliwa na virusi, akaisafisha diski yote na kuweka mfumo mpya. Waifai ilirudi. Methali na nyimbo hazikurudi. Baadaye tuliikagua programu ile ile kwenye kompyuta nyingine ya aina hiyohiyo, iliyopatwa na mkasa uleule, tukalikuta faili la kuendeshea waifai limelala salama kwenye karantini, likingoja mtu alirudishe kwa kubonyeza mara mbili. Hapakuwa na kirusi. Kilichomwangamiza mwalimu ni sentensi ambayo watu wawili wenye akili timamu hawakuweza kuipima.

Hebu tulitazame neno hilo karantini, maana Tunduma hatuhitaji kamusi kulielewa. Mwezi Mei mwaka 2020 Zambia ilifunga kwa muda mpaka wa Nakonde kwa ajili ya UVIKO-19, na tuliyaona malori yakipanga foleni. Tulijifunza kwa macho yetu kwamba aliyewekwa karantini hajahukumiwa. Hajafa, wala hajathibitika kuwa mgonjwa. Amewekwa kando hadi apimwe, na akionekana mzima anaendelea na safari. Maana hiyo hiyo imo ndani ya kingavirusi: faili lililo karantini limefungiwa chumbani, na ufunguo uko mkononi mwa mwenye kompyuta. Laiti neno hilo moja lingeandikwa kwa Kiswahili kwenye kijisanduku kile, mwalimu angeuliza: limewekwa wapi, na litatoka lini? Angeuliza kwa sababu neno lenyewe linafungua mlango wa swali. Kitu ambacho mafundi wa hapa hukiita dereva, na wanaotafsiri programu hukiita kiendeshi, kilikuwa kimezuiwa mpakani tu, kama dereva yeyote wa lori.

Msidhani kwamba haya ni masaibu ya pembezoni peke yake. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilituma orodha mpya ya alama za virusi, namba 5958. Orodha hiyo ililiona faili halali la Windows XP liitwalo svchost.exe kuwa kirusi. Faili hilo ndilo linalobeba huduma nyingi za mfumo, ikiwamo ile iliyokuwa ikisimamia waifai katika Windows XP. Kompyuta zilizopatwa zilipoteza mtandao, nyingine zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Hospitali za jimbo la Rhode Island nchini Marekani ziliwarudisha baadhi ya wagonjwa wa dharura. Baadhi ya maduka ya Coles nchini Australia yalifunga milango. Kwa kuwa mtandao haukuwapo, mafundi walilazimika kuzifuata mashine moja baada ya moja, wakiwa na dawa mkononi. Miaka miwili baadaye, Septemba 2012, kingavirusi ya Sophos ilizishuku programu za kujisasisha, zikiwamo zake yenyewe. Mlinzi alijikamata mwenyewe, akajitia pingu.

Lakini visa viwili vingine ndivyo vinavyonikera mimi kama mtu wa lugha. Mwezi Mei mwaka 2007 kingavirusi ya Symantec iliyafungia mafaili mawili halali ya Windows XP, netapi32.dll na lsasrv.dll, na maelfu ya kompyuta zikashindwa kuwaka. Zilikuwa kompyuta za nani? Za wenye toleo la Kichina. Mwezi Novemba mwaka 2008 kingavirusi ya AVG ililishuku faili la user32.dll, na kompyuta zikapooza. Za nani? Za wenye matoleo ya Kiholanzi, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno na Kihispania. Mwenye toleo la Kiingereza alilala usingizi. Sababu haihitaji mganga: faili la toleo la lugha moja hutofautiana kidogo na la lugha nyingine, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kumchanganya mlinzi ambaye macho yake hayakuzoeshwa sura zile. Lugha ambayo haikukaa mezani wakati wa majaribio ndiyo iliyolipa gharama ya kosa.

Ikiwa Kifaransa na Kichina, lugha zenye dola, viwanda na majeshi, zilisahauliwa mezani, Kiswahili kinatarajia nini? Tunapenda kujipongeza. UNESCO mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na kabla yake, mwaka 2019, SADC ilikifanya kuwa lugha yake rasmi ya nne. Kila Julai tunavaa kanga na kanzu, tunasoma mashairi, tunapigiana makofi. Tarehe 8 Julai tunawasha kompyuta, nazo zinatutisha kwa Kiingereza. Lugha inayosifiwa ukumbini na kukosekana mahali pa hatari ni lugha iliyopewa kiti cha mgeni.

Nije sasa kwenye sentensi yenyewe. Ujumbe wa kawaida wa kingavirusi, ukiutia katika Kiswahili, ungesema: Tishio limeondolewa. Maneno mawili. Yachambueni kama mnavyochambua ubeti. Tishio ni nomino. Si tuhuma, ni hukumu iliyokwisha kupewa jina. Kiambishi -me- kinatangaza kwamba tendo limekwisha kamilika, hakuna la kujadili. Kauli ya kutendwa, -ew-, inamficha mtenda: nani ameondoa, na kwa ushahidi gani? Katika maneno mawili umefichwa mtuhumu, umefichwa ushahidi, na mwenye nyumba ameambiwa habari ya nyumba yake baada ya mambo kwisha. Ukweli ni kwamba programu haikuwa na yakini. Ilikuwa na dhana. Lakini imeizungumza dhana kwa sarufi ya yakini, na huo, ndugu zangu, ni uongo hata pale ambapo kirusi kipo kweli.

Kiswahili kina zana zote za kusema ukweli huo. Kina huenda, kina yamkini, kina inaelekea, kina kushuku na kushukiwa. Kina kiambishi -ja- cha ukanushi, kinachosema kwamba jambo halijawa ila laweza kuwa. Ujumbe wa haki ungeweza kuandikwa hivi:

Nimelishuku faili hili kwa sababu linasikiliza mtandao wakati wote. Huenda ni kiendeshi cha waifai yako. Nimeliweka karantini; sijalifuta. Ukiona waifai imetoweka, bonyeza hapa ulirudishe.

Sentensi nne. Nafsi ya kwanza inamtoa mtuhumu hadharani. Sababu imetajwa, shaka imekiriwa, na njia ya kurudi imeonyeshwa. Neno lile moja, sijalifuta, lingeziokoa methali za Kinyiha. Nani awezaye kuziandika sentensi za namna hiyo? Si mhandisi peke yake. Ni mtu aliyezoea kupima uzito wa kiambishi, yaani mtunzi.

Wapinzani wangu wana hoja tatu. Ya kwanza, kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya kompyuta, na anayetaka kompyuta akajifunze. Wachina na Wafaransa hawakuambiwa hivyo. Walipoumia walidai haki kama wateja. Aidha, kompyuta haina lugha ya kuzaliwa. Ina namba. Kila neno lililo juu ya kioo chake limewekwa na mtu.

Ya pili, kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ilikwisha kufa, ila haijazikwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Baada ya hapo hata Microsoft ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Maneno yapo, tena mengi kupita kiasi: tunagombania kompyuta, tarakilishi na ngamizi huku mwenye duka akisema laptopu. Tumeutumia ushairi wetu wote kuzaa nomino, tukaziacha sentensi yatima. Hakuna mtu aliyewahi kupoteza kazi yake kwa sababu kifaa kiliitwa kompyuta badala ya ngamizi. Wapo wanaozipoteza kwa sababu hakuna aliyewaambia, kwa lugha wanayoiota usiku, kwamba faili liko karantini.

Nami naonya juu ya istilahi zinazoundwa kwa kukopi Kiingereza neno kwa neno. Nimeona jambo hili likiitwa chanya ya uongo. Msomaji wa Tunduma atauliza: chanya gani, na uongo wa nani? Kiswahili tayari kina kamsa, kina king'ora, kina mbiu. Napendekeza mbiu tupu: pembe imelia, jambo halipo. Mwenye methali yake ataelewa bila kufundishwa.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nami naiheshimu. Yasemwa kwamba ni heri mbiu ilie mara kumi bure kuliko kunyamaza mara moja mwizi akipita. Tena hapa mpakani wezi wapo. Diski za flashi zinazopita mikononi mwa makarani, madereva na wanafunzi hubeba virusi vya kweli, vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato badala yake. Sitetei kuishi bila mlinzi. Lakini angalieni hujiri nini baada ya mbiu tupu. Mtu aliyekatiwa waifai na mlinzi wake humfukuza mlinzi. Nimeona laptopu nyingi mjini hapa ambazo wenyewe wamezima kingavirusi kabisa, na ukiwauliza watakwambia kwamba hiyo ndiyo iliyowaharibia mtandao. Mchungaji aliyepiga kelele za simba bure alikuja kuliwa kondoo watu wakiwa wamekaa. Mbiu tupu haiongezi ulinzi. Inautafuna kidogo kidogo. Na mbiu inayokiri shaka yake huaminiwa zaidi siku inapokuwa na yakini.

Basi nadai mambo manne. Kwa makampuni: msitume orodha ya alama kabla ya kuipima juu ya matoleo ya lugha zote mnazouzia, na tahadhari zenu ziseme kwa Kiswahili mahali Kiswahili kinapotawala soko. Kwa BAKITA, chombo tulichokiunda mwaka 1967 kwa sheria ya Bunge: ongezeni sentensi juu ya istilahi, toeni mifano sanifu ya tahadhari, maonyo na maswali ambayo mtafsiri yeyote anaweza kuichukua. Kwa mafundi wa Tunduma, Mlowo na Vwawa: kabla ya kusafisha diski ya mtu, fungueni karantini mtazame, wekeni nakala ya kiendeshi cha waifai kwenye flashi, na kumbukeni kwamba simu iliyounganishwa kwa waya yaweza kuipa laptopu mtandao wakati waifai imelala. Kwa malenga: tokeni ukumbini. Chukueni ujumbe mmoja wa kutisha uliomo kwenye kompyuta zenu, muutunge upya kwa Kiswahili chenye haki, mwoneshane, mkosoane kama mnavyokosoana vina.

Nami naanza kwa kutoa wangu, kwa mizani tuliyoizoea:

Mlinzi ukinilinda, usilie kwa Kizungu,
Niulize la kutenda, mashine hii ni yangu,
Shaka siyo ya kuponda, wala kutiana pingu,
Mbiu tupu ni kidonda, hutuachia uchungu.